Mwenye Punda na Haki ya Punda

  

Mwenye kusafiri kutoka Sirari kwenda Tarime mjini, au akazunguka upande wa Mugumu katika wilaya ya Serengeti, hukutana na punda njiani kila mara. Punda ndiye abebaye maji kutoka mtoni, ndiye apelekaye mahindi mashineni, na siku ya mnada ndiye abebaye mkaa, kuni na magunia. Nyumba isiyo na ng'ombe wa kulima inaweza kuazima jozi kwa jirani. Lakini nyumba iliyozoea punda ikimkosa, mzigo wake unahamia kwenye vichwa vya akina mama na mabinti.

Baada ya darsa moja huko mpakani, ndugu mmoja aliuliza swali ambalo liliwachekesha waliokuwapo. Alisema: "Sheikh, punda ni wangu, nimemnunua kwa pesa yangu ya halali. Mtu wa serikali ana haki gani ya kunisimamisha njiani, akamfunua mgongo, akaniamuru nishushe gunia? Na siku akitaka kuingia uani kwangu kumtazama, ni lazima nimfungulie?" Watu wakacheka kwa kuwa waliona ni maneno ya punda tu. Lakini ndani ya swali hilo mna maswali mawili ambayo mafaqihi wameyashughulikia kwa zaidi ya miaka 1,000: milki ya mwanadamu juu ya kiumbe chenye roho inafika wapi, na jicho la mtawala linaruhusiwa kuingia mpaka wapi katika milki hiyo. Makala hii ni jibu refu la swali lile fupi.

Kwanza tuondoe utata mmoja. Mlango huu katika vitabu vyetu umejaa farasi na ngamia, na msomaji wa Tarime anaweza kudhani haumhusu. Ni kweli kwamba farasi hakustawi katika bara letu. Mbung'o, ambao wengine huwaita ndorobo, na maradhi wanayoyaeneza, hawakumpa nafasi. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 alikuwa na farasi wawili, na wote wawili walikufa siku chache tu baada ya kuanza safari. Tena mkuu wa kijiji alichomzika mmoja wao alidai fidia, kwa hoja kwamba ardhi ni yake na hakuombwa ruhusa! Hadi leo farasi wa kupandwa walioko upande wa Grumeti ni wachache, nao ni wa hoteli za kitalii. Lakini neno wanalolitumia mafaqihi katika hukumu hizi ni "bahima" au "daabba", nalo linamkusanya farasi, ngamia, ng'ombe na punda pamoja. Na kama tutakavyoona, katika baadhi ya masuala punda ndiye aliyetajwa kwa jina.

Katika bustani ya Ansari

Asili ya suala letu ni tukio lililopokewa na Abu Daud na Imam Ahmad kutoka kwa Abdullah bin Jaafar (r.a.). Mtume (s.a.w.) aliingia katika bustani ya mtu mmoja wa Ansari, akamkuta ngamia. Ngamia alipomwona alitoa sauti ya huzuni na macho yake yakatoka machozi. Mtume akamwendea, akampangusa nyuma ya masikio mpaka akatulia. Kisha akauliza mwenye ngamia ni nani, akaja kijana wa Kiansari akasema ni wangu. Mtume akamuuliza kama hamchi Allah katika mnyama huyu ambaye Allah amemmilikisha, kwani ngamia amemshitakia kwamba anamweka na njaa na kumchosha kwa kazi.

Turudi kwenye mpangilio wa tukio hili. Mtume hakuikana milki ya kijana yule. Aliithibitisha, kwa kuwa alitafuta kwanza mwenye mali, na alipozungumza naye alimtajia kwamba ni Allah aliyemmilikisha. Hakumnyang'anya ngamia wala hakumtoza kitu. Lakini vilevile hakusema kwamba mali ni ya mtu na hayamhusu. Neno lile la kumilikishwa ndilo lililobeba hoja yote: aliyepewa milki na mwingine ataulizwa na yule aliyempa.

Farasi naye ana habari yake. Imam Malik ameeleza katika Muwatta kwamba Mtume (s.a.w.) alionekana akimpangusa farasi wake uso kwa nguo yake mwenyewe. Alipoulizwa alieleza kwamba usiku uliopita alikuwa amelaumiwa kuhusu farasi. Basi ikiwa Mtume alikaguliwa katika farasi wake, na mkaguzi ni Mola wake, nani kati yetu ataona kuwa ukaguzi ni kuvunjiwa heshima?

Walivyosema mafaqihi

Sisi tuliosoma vyuoni kwa madhehebu ya Imam Shafi tunaikuta hukumu hii mwishoni mwa mlango wa nafaka, baada ya nafaka ya mke, watoto na wazazi. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277) ameieleza katika Minhaj kwa mistari michache. Mwenye mnyama ni wajibu wake kumlisha na kumnywesha. Akikataa hulazimishwa. Ikiwa mnyama ni wa kuliwa, mwenyewe huchagua moja kati ya matatu: amuuze, amlishe, au amchinje. Ikiwa si wa kuliwa, humbakia mawili tu, kuuza au kulisha. Na hakamui maziwa kwa kiasi cha kumdhuru ndama.

Wanafunzi wengi huupita mlango huu mbio kwa kuwa umekaa mwisho na mwalimu naye amechoka. Lakini zingatia kwamba mafaqihi wamempanga mnyama katika mlango mmoja na mke na watoto, ambao ni mlango wa wenye haki. Hawakumweka katika mlango wa mali, pamoja na nyumba na mashamba. Mwenye nyumba akiiacha ikaporomoka, hakimu hamlazimishi kuikarabati kwa ajili ya nyumba yenyewe, kwa sababu jiwe halisikii njaa.

Sheikh Izzuddin bin Abdissalam (aliyefariki Misri mwaka 660 Hijria, sawa na 1262) ameenda mbele zaidi katika kitabu chake cha Qawaid. Amezihesabu haki za wanyama juu ya mwanadamu, na ya kwanza kwake ni kuwapa matumizi yao hata kama wamezeeka au wameugua kiasi kwamba hawana manufaa tena. Akaongeza kutowabebesha wasichokiweza, na kutowaweka pamoja na kile kinachowaumiza, kiwe cha jinsi yao au cha jinsi nyingine. Maneno haya yaliandikwa zaidi ya miaka 500 kabla Waingereza hawajatunga sheria yao ya kwanza ya kuzuia ukatili kwa ng'ombe na farasi mwaka 1822. Silitaji hili kwa kujivuna. Nalitaja kwa sababu wapo vijana wetu wanaodhani kwamba ustawi wa wanyama ni jambo la wazungu, na wapo wazee wetu wanaolikataa kwa sababu hiyo hiyo.

Hata hivyo haikuwa ijmai kwamba mtawala ana nguvu ya kulazimisha. Imam Abu Hanifa aliona kwamba mwenye mnyama anaamrishwa kumlisha kwa upande wa dini yake, baina yake na Mola wake, lakini hakimu hamlazimishi kwa hukumu. Hoja yake ni ya kisheria, tena nzito: hukumu ya kadhi inahitaji mdai, na mnyama hawezi kudai. Mwanafunzi wake Abu Yusuf alimkhalifu, akasema hulazimishwa, na hiyo ndiyo kauli ya jumhuri. Katika Wahanafi wa baadaye, Kamal bin al-Humam naye ameona kwamba haki iko upande wa jumhuri.

Ninaitaja khilafu hii kwa sababu ndugu yetu wa mpakani, bila ya kujua, alisimama karibu na kauli ya Abu Hanifa: kwamba punda ni wangu, na kama nimekosea nitaulizwa na Allah, si na bwana mifugo. Kauli ina heshima yake. Lakini wengi hawakuitegemea, na mimi pia siitegemei. Sababu ni kwamba Uislamu ulikuwa na taasisi nzima iliyowekwa kwa ajili ya haki zisizokuwa na mdai.

Muhtasibu na mipaka yake

Taasisi hiyo ni hisba, na mwenye kuisimamia ni muhtasibu. Kabla haijawa taasisi ilikuwa ni kazi ya Makhalifa wenyewe. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.) alimpiga mwenye ngamia mmoja na kumlaumu kwa kumbebesha mnyama wake asichokiweza. Na Umar bin Abdulaziz, aliyetawala kuanzia mwaka 99 hadi 101 Hijria (717 hadi 720), alimwandikia mwakilishi wake Misri kwamba amepata habari za ngamia wanaobebeshwa ratili 1,000, akaamuru kuanzia siku ile pasionekane mzigo unaozidi ratili 600. Akawaandikia wasimamizi wa wanyama wa posta wasiwafunge lijamu nzito wala kuwachoma kwa fimbo yenye chuma nchani. Akakataza pia farasi kutimuliwa mbio bila ya haja.

Msomaji wa Tarime na alitazame jambo hili kwa macho ya sokoni kwake. Sisi tunaijua lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu mpaka linazidi kipimo, na tunajua namna Wakala wa Vipimo walivyohangaika nalo kwa sababu linampunja mkulima. Umar bin Abdulaziz aliipiga marufuku lumbesa kwa ajili ya anayelibeba. Wataalamu wa mifugo wanasema punda asibebeshwe zaidi ya theluthi hivi ya uzito wake. Punda wetu wa kawaida ana kilo 150 au zaidi kidogo, kwa hiyo haki yake ni kama kilo 50. Gunia moja la mahindi lililojaa linafika kilo 100. Hesabu hiyo haihitaji mwanachuoni.

Aliyeyapanga haya kwa ufafanuzi ni Kadhi Abul Hasan al-Mawardi wa Baghdad (aliyefariki mwaka 450 Hijria, sawa na 1058) katika al-Ahkam as-Sultaniyya. Amesema kwamba ikiwa miongoni mwa wenye wanyama yupo anayewatumia kwa kazi wasiyoweza kudumu nayo, muhtasibu atamkataza, hata kama hakuna aliyekuja kumlalamikia. Hili ni jibu kwa hoja ya Abu Hanifa kwamba hakuna mdai, kwani muhtasibu hamsubiri mdai. Kisha al-Mawardi akaleta suala la pili, ambalo ndilo lile la njiani Sirari: itakuwaje mwenye mnyama akidai kwamba mnyama wake anaiweza kazi ile? Akasema inajuzu muhtasibu aangalie mwenyewe. Ingawa jambo hilo linahitaji ijtihadi, si ijtihadi ya dalili za sharia. Ni ijtihadi ya ada na uzoefu wa watu, na hiyo muhtasibu anayo.

Katika vitabu vya kazi ya muhtasibu, kama kile cha ash-Shayzari cha karne ya 6 Hijria, mambo yamefika hadi kwa wabeba kuni na majani sokoni. Wanaamrishwa wanaposimama uwanjani kusubiri wanunuzi washushe mizigo kutoka migongoni mwa wanyama, kwa kuwa mnyama kusimama na mzigo kunamuumiza. Nenda mnadani siku yoyote utazame ni punda wangapi wanasimama na magunia ya mkaa tangu asubuhi hadi adhuhuri, huku wenyewe wakinywa chai kivulini.

Hadi hapa mkaguzi ameshinda. Lakini al-Mawardi huyo huyo ndiye aliyemwekea mipaka. Muhtasibu anahusika na lililo dhahiri. Si haki yake kupeleleza yaliyofichika wala kuvunja sitara za watu. Msingi wake ni Aya ya 12 ya Suratul Hujurat inayokataza upelelezi, na Aya ya 27 ya Suratun Nur inayokataza kuingia nyumba za watu bila ya ruhusa na salamu.

Imam Ghazali katika Ihyaa ameitaja habari ya Sayyidna Umar (r.a.) alipopanda ukuta wa mtu mmoja usiku, akamkuta katika hali mbaya. Alipomkaripia, yule mtu alijibu kwamba ikiwa yeye amemuasi Allah katika jambo moja, basi Khalifa amemuasi katika matatu: amepeleleza, hakuingia kupitia mlangoni, na hakuomba ruhusa wala kutoa salamu. Umar hakumwambia kwamba yeye ni Amirul Muuminina na ana mamlaka. Alimwacha baada ya kumtaka atubie. Ikiwa huyu ni Umar, ambaye shetani alikuwa akiikwepa njia aliyoipita, basi afisa wa wilaya naye ana mlango wa kubisha.

Al-Mawardi ametoa istithnai moja. Ikipatikana dalili yenye nguvu, au habari ya mtu mwaminifu, kwamba ndani kunatendeka jambo ambalo likipita halitarekebishika, kama mtu kuuawa, hapo inajuzu kuingia. Mfano wake ni wa damu ya mwanadamu, na siwezi kuubebesha moja kwa moja juu ya punda. Lakini mnyama aliyefungiwa bila maji akisubiri kufa, majirani wakisikia sauti yake, si siri tena. Jambo hilo limekwisha kuwa dhahiri kwa masikio, na wanavyuoni wamesema kwamba kinachosikika nje kina hukumu ya kinachoonekana.

Punda kilema na biashara ya ngozi

Tumesema kwamba mnyama asiyeliwa ana milango miwili tu, kulishwa au kuuzwa. Punda wa kufugwa nyama yake iliharamishwa Khaibar mwaka wa 7 Hijria, vyungu vikiwa tayari jikoni. Kutokana na hapo wanavyuoni wa baadaye wa madhehebu ya Shafi wakasema ni haramu kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa nia ya kumpumzisha na maumivu, na mfano walioupiga ni punda aliyelemaa. Wanavyuoni wa Maliki wameruhusu kumuua ikiwa hakuna tamaa tena ya kupona. Mganga wa mifugo anayekuja na sindano ya kumpumzisha punda aliyevunjika mguu ana sanadi katika Umaliki. Mshafi anayekataa naye hakukosa dalili, ila amejifunga kumtunza punda huyo mpaka ajali yake ifike. Asiyejuzu kwa madhehebu yoyote ni yule anayekataa sindano kwa jina la Shafi, kisha akamwacha punda kando ya barabara aliwe na fisi akiwa hai.

Masuala haya yalikuwa ya darasani mpaka ilipoingia biashara ya ngozi. Kule China huchemshwa ngozi ya punda na kutengenezwa dawa iitwayo ejiao, na punda wao hawakutosha. Kuanzia mwaka 2016 vichinjio vya punda vilifunguliwa Kenya, na Tanzania navyo vikawapo Dodoma na Shinyanga. Bei ya punda ilipopanda, wezi wakaamka. Wanaoishi mpakani hawahitaji kuelezwa namna mali yenye miguu minne inavyovuka usiku, kwani katika nchi ya wizi wa ng'ombe njia zilikuwa zimekwisha chongwa. Mama aliyelala na punda akaamka hana, alipoteza mali iliyokuwa ndiyo gari lake, mfereji wake wa maji na kibarua chake. Hapo ndipo inapoonekana kwamba haki ya punda na haki ya mwenye punda si mahasimu. Aliyekuwa akimchuna punda porini alizivunja zote mbili kwa kisu kimoja.

Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020. Mwenye kichinjio kimoja akaenda mahakamani, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaitengua amri ile. Tanzania nayo ilisitisha uchinjaji. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa waliafikiana kusimamisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima.

Kwa upande wa fiqhi hapana hoja ya kumtetea mchinjaji. Kweli ngozi ya punda ikitiwa dabagha hutoharika katika madhehebu yetu, kwa kuwa dabagha hutoharisha kila ngozi isipokuwa ya mbwa na nguruwe. Lakini kutoharika kwa ngozi ya aliyekufa si ruhusa ya kumuua aliye hai. Ikiwa hata kumpumzisha kilema kumekatazwa, vipi atachinjwa mzima kwa ajili ya dawa ya urembo?

Sheria ya 2008

Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008. Ndiyo inayowatambua wakaguzi wa ustawi wa wanyama na kuwapa uwezo wa kukagua, na imefanya ukatili kwa mnyama kuwa kosa. Kwa upande mwingine Katiba yetu, ibara ya 24, inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na hifadhi ya mali yake, na ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu na maskani yake. Kwa hiyo ndugu yetu wa Sirari ana sheria mbili mkononi, kama vile alivyokuwa nazo mtu wa Baghdad katika zama za al-Mawardi. (Suala la ng'ombe wanaokamatwa wakiingia Hifadhi ya Serengeti ni mlango mwingine, wenye fiqhi yake ya hima, na haufai kuchanganywa na huu.)

Jibu langu kwake ni hili. Njiani na mnadani, mkaguzi ana haki ya kumsimamisha, kuutazama mgongo na kuamuru gunia lishuke, na kumtii katika hilo ni wajibu kwa sababu ameamrisha lililo wajibu tayari. Uani, atabisha hodi, ajitambulishe na aingie kwa idhini, au aje na amri ya mwenye mamlaka, isipokuwa pale palipo dhahiri kwamba mnyama anaangamia. Kumtoa mnyama mikononi mwa mwenyewe si kazi ya mkaguzi peke yake. Kwa madhehebu yetu mwenyewe ndiye achaguaye kulisha au kuuza, na akikataa yote hakimu ndiye anayeuza, na thamani inabaki kuwa ya mwenye punda. Na pesa inayotolewa pale pale njiani bila ya stakabadhi ili punda aachiwe aendelee na gunia lake ni rushwa. Aliyepokea na aliyetoa wote wameshirikiana kumdhulumu wa tatu, ambaye bado ana kilo 100 mgongoni.

Mahali ambapo kazi hii imefanywa kwa upole ni Lamu. Mji ule wa vichochoro tangu zamani mizigo yake hupita juu ya punda, kuanzia mchanga na mawe ya ujenzi hadi vyakula. Mwaka 1987 taasisi ya Kiingereza ya kuhudumia punda, aliyoiasisi Bibi Elisabeth Svendsen, ilifungua kituo pale mjini, na punda wa watu wakatibiwa bure. Wakaweka pia mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri zaidi. Wenyewe wakawa wanawaleta punda kukaguliwa kwa miguu yao, wakiwa wamewaosha. Hisba ina daraja zake: kumjulisha mtu asiyejua, kisha kumuwaidhi, kisha kumkaripia, na mkono unakuja mwisho. Lamu imeonyesha namna daraja mbili za mwanzo zinavyoweza kumaliza sehemu kubwa ya kazi. Inasikitisha kidogo kwamba waliotukumbusha ni watu wa Devon, nasi tunayo mawakfu. Sheikh Mustafa as-Sibai wa Sham ametaja katika kitabu chake cha ustaarabu wetu kwamba Damascus palikuwa na uwanja wa malisho uliowekwa wakfu kwa ajili ya farasi waliozeeka na kulemaa, ambao wenyewe hawakuwa tena na haja nao.

Limebaki moja ambalo sheria ya 2008 haiwezi kulimaliza kwa faini. Wengi wenye punda wenye vidonda si wakatili, ni mafukara. Kidonda cha mgongoni kinatokana na kamba ya katani iliyofungwa bila shogi, na shogi haipo kwa sababu pesa haipo. Mafaqihi wetu wamesema kwamba mwenye mnyama akishindwa, na mnyama hana mnunuzi, matumizi yake yatatoka Baitulmali, na isipokuwapo basi ni juu ya Waislamu wenye uwezo wa mahali pale. Mara hatuna Baitulmali, na Waislamu ni wachache. Lakini zaka tunatoa kila mwaka. Mnyama hapewi zaka, ila mwenye kumiliki anapewa ikiwa ni fakiri. Na Wanavyuoni wa Shafi, akiwamo Nawawi katika Majmuu, wamesema kwamba fakiri mwenye ufundi hupewa katika zaka thamani ya vyombo vya kazi yake. Mbeba maji wa Mugumu chombo chake cha kazi ni punda. Kwa msingi huo kamati ya msikiti inaweza kumpa katika fungu la mafakiri thamani ya matandiko, ya dawa ya minyoo, au ya mkokoteni mwepesi wa magurudumu mawili, naye akaitumia hivyo. Nimewauliza baadhi ya masheikh wenzangu wa Mwanza na Musoma, na sikukuta aliyelipinga. Wallahu aalam.